Binti Asomaye: Mwanamke na Kazi ya Maarifa katika Fasihi ya Kiswahili

Katika Kiswahili shina la kitenzi funda lina uzao mwingi. Mwalimu hufundisha; mwanafunzi hujifunza; mwenye ustadi wa kazi ya mikono huitwa fundi, na ustadi wake ni ufundi. Shina hilo hilo latumika unyagoni, ambako mwali hufundwa na kungwi wake kabla hajaingia katika maisha ya utu uzima. Kwa kuwa maneno haya ni ya ukoo mmoja, yangetazamiwa kukaa katika nyumba moja. Walakini matumizi yameyatenga. Atajwapo mtu aliyefundwa, msikilizaji humwona msichana. Atajwapo fundi, humwona mwanamume mwenye msumeno au spana mkononi. Hapana kanuni ya sarufi iliyoamuru utengano huo. Ni mazoea ya matumizi tu. Na fasihi, ambayo ni ghala kubwa la matumizi ya lugha, imeshiriki kuyahifadhi.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Februari kuwa siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, na tangu hapo kila mwaka hotuba hutolewa kuwahimiza wasichana wasome hesabu, fizikia na uhandisi. Makadirio ya UNESCO yaonyesha kwamba katika watafiti wote wa dunia wanawake ni kama theluthi moja tu. Himizo hilo lina haki yake. Lakini himizo peke yake halimpi mtoto hamu ya kazi ambayo hajapata kuiona ikifanywa. Mtoto wa mvuvi hakuupenda uvuvi kwa sababu ya hotuba; ameona nyavu zikishonwa, amesikia wazee wakibishana juu ya upepo, ameshika kasia kabla ya kuruhusiwa kulivuta. Msichana asiye na shangazi mkemia wala jirani mhandisi hana pa kuiona kazi hiyo ila kitabuni. Hapo ndipo swali linapoihusu fasihi: je, fasihi ya Kiswahili imemwonyesha nini binti asomaye juu ya kazi ya maarifa? Ikipimwa kwa vitabu vyake mashuhuri, jibu ni kwamba imemwonya sana, imemtetea kwa ushujaa, lakini ni mara chache imemwonyesha mwanamke akiwa kazini, akili yake ikipambana na jambo gumu na kulishinda.

Yafaa kuanza na kazi ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa mfano wa unyenyekevu wa mwanamke, yaani utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na utendi wake ni wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens walipoutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina lililoutangaza kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wameusoma kwa jicho hilo. Ni kweli kwamba beti nyingi zahusu utii, adabu, usafi wa nyumba na kumridhisha mume. Asiyekubali mafundisho hayo ana haki ya kuyapinga. Lakini ubishi juu ya mafundisho umewafanya wasomaji wengi waipite haraka hali yenyewe ambamo mafundisho yalitolewa.

Hali hiyo yaonekana mwanzoni kabisa. Mama, naye ni mgonjwa, amwita binti yake aje akae karibu, na amtaka aje na vyombo vya kuandikia. Kabla ya kuambiwa jambo lolote juu ya mume na nyumba, Mwana Hashima amekwisha kuwa mwandishi. Na karibu na mwisho mtungaji awaelekea wanawake wote, awataka wausome utendi huo ili waifahamu maana yake. Haombi wasomewe. Basi katika mwaka 1858 mama mtungaji, binti mwandishi, na wanawake wasomaji ni watu waliochukuliwa kuwa wapo, tena bila ajabu yoyote. Utendi ambao wahakiki wengine wameuhesabu kuwa kifungo cha mwanamke wasimama juu ya msingi wa elimu ya wanawake. Jambo lililo kubwa zaidi kwa swali la sasa ni kwamba elimu hiyo haihubiriwi. Yaonekana kwa tendo: karatasi yaletwa, mama asema, mkono waandika. Msomaji haambiwi kwamba kusoma ni kuzuri. Amwona mtu akiandika.

Karne moja baadaye Shaaban Robert alitenda jambo la namna hiyo, kwa njia nyingine, katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958. Siti, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja na kufariki mwaka 1950, angeweza kuandikwa kama muujiza: mwanamke maskini aliyejaliwa sauti, akapanda ghafula hata sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert hakuridhika na muujiza. Kabla ya umaarufu yuko mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Kabla ya santuri kuna miaka ya kujifunza. Sifa za Siti zaelezwa kuwa ni matokeo ya kazi, na kazi hiyo ina hatua zake.

Hata hivyo yafaa kuangalia jambo moja ambalo wasifu huo wauachia msomaji alikisie. Ufinyanzi ni elimu. Mfinyanzi hana budi kuujua udongo ufaao na usiofaa, kujua kiasi cha mchanga au vigae vilivyopondwa cha kuuchanganya nao usipasuke, kujua chungu kikauke siku ngapi kabla ya kuchomwa, kwa sababu unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kukivunja motoni. Huo ni ujuzi wa mada na joto, uliohifadhiwa na wanawake kwa vizazi na vizazi, tena uliopimwa kila siku ya uchomaji, maana chungu kilichopasuka hakikubali kisingizio. Katika fasihi, lakini, ufinyanzi wa mwanamke huingia kama alama ya umaskini ambao shujaa ataukimbia. Hauingii kama maarifa anayotoka nayo. Vivyo hivyo mkunga, ambaye lugha imemweka jirani na neno kunga, huonekana akiingia chumbani na kutoka na habari njema au mbaya. Alichokijua na alichokiamua humo ndani hubaki nyuma ya mlango.

Riwaya za baada ya uhuru zilimleta msichana wa shule katikati ya hadithi. Hapana kitabu kilichofanya hivyo kwa nguvu kuliko Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Rosa, binti wa Zakaria na Regina wa kisiwa cha Ukerewe, aenda shule ya wasichana na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Ukali wa baba yake wamfanya asiujue ulimwengu wa wavulana ila kwa hofu, na hofu hiyo inapovunjika yavunjika pamoja naye. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda, kisha kikaja kusomwa humo humo. Na thamani yake haina shaka. Kilithubutu kusema kwamba malezi ya fimbo humdhuru mtoto yule yule yanayodai kumlinda.

Lakini mtu akisoma Rosa Mistika kwa ajili ya swali la elimu ataona upungufu wa ajabu. Rosa yuko shuleni katika sehemu kubwa ya kitabu, na msomaji apata kuzijua barua zake, safari zake, ngoma na wanaume waliomzunguka. Alichokuwa akijifunza darasani hakimo katika mambo yanayoisukuma hadithi. Hapana somo lililomkosesha usingizi kwa utamu wake, wala hesabu iliyomshinda jioni akaipata alfajiri. Shule ni mahali ambapo mwili wa Rosa wakutana na hatari. Si mahali ambapo akili yake yakutana na kitu. Basi maangamizi yake, yaliyo makubwa kwa kila kipimo kingine, hayawi msiba wa maarifa. Msomaji amlilia binti aliyepotea, lakini hapewi nafasi ya kumlilia mwanachuo aliyepotea.

Mfano wa pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Humo Maimuna akuzwa ndani ya kuta za nyumba ya baba yake, Maksuudi, asiujue ulimwengu, na siku atokapo ulimwengu wampokea bila huruma. Ni vigumu kupata katika Kiswahili maelezo makali kuliko hayo ya unafiki wa mlinzi wa heshima. Ukuta waonekana, wagusika. Lakini kile ambacho ukuta ulikizuia chatajwa kwa upande mmoja zaidi: Maimuna alinyimwa uhuru na akanyimwa ujuzi wa watu. Maarifa ambayo akili yake ingeweza kuyafikia lau mlango ungalifunguliwa mapema hayachukui nafasi katika mizani ya hasara. Rosa na Maimuna wametofautiana kwa mahali, dini na malezi. Wamefanana kwa kuwa waandishi wao, waliowapenda na kuwatetea, waliwaona kuwa watu wa kuhifadhiwa au kuangamizwa, si watu wenye jambo la kugundua. Nyuma ya hadithi zote mbili iko ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Baba mmoja amekunja vibaya, na mwingine vile vile. Lakini anayetazamwa siku zote ni mkono unaokunja. Macho ya samaki hayaulizwi yameona nini.

Tamthilia ilikwenda mbele hatua moja kubwa. Lanina katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, ya mwaka 1981, si mhanga wa malezi. Ni kiongozi wa wafanyakazi, mwenye hoja na msimamo, ajuaye gharama ya msimamo huo na kuilipa. Mwaka uliofuata Penina Muhando alitoa Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wajaribu kuinua nguzo iliyoanguka na kushindwa, kila mmoja akivutwa na shughuli na mashaka yake. Ni istiari yenye nguvu, na wahakiki wameieleza mara nyingi kama hoja juu ya umoja wa wanawake na vikwazo vya jamii. Maelezo hayo ni ya haki.

Hata hivyo istiari ina mwili wake, na mwili wa istiari hii ni kazi ya uhandisi. Kuinua nguzo nzito ni swali la uzito, kamba, wenzo na mahali pa kusimama. Watu wa pwani waliosimamisha milingoti ya majahazi walilijua swali hilo vizuri, na kila jengo la kale kuanzia Kilwa hadi Lamu ni ushahidi kwamba mtu fulani alilijibu. Katika tamthilia hiyo, walakini, mgogoro wote umewekwa katika nia na mapatano: nguzo haisimami kwa kuwa wainuaji hawako pamoja. Kwamba watu wanaweza kuwa pamoja kabisa, wakavuta kwa moyo mmoja, na nguzo isisimame kwa sababu kamba imefungwa mahali pasipofaa, si jambo linalopewa uzito. Mwandishi hakosi kwa kutoandika tamthilia nyingine. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuona kwamba hata pale fasihi ilipowapa wanawake kazi ya kuinua mzigo mzito, iliwapa mzigo huo kama swali la maadili, si kama swali la maarifa.

Hapa yaweza kutolewa pingamizi kwamba mtungaji wa hadithi si mwanasayansi, na kumdai aeleze kazi asiyoijua ni kumdai uongo. Pingamizi hili lajibiwa na kitabu kimoja ambacho habari zake zimeenea katika nchi nyingi. Marie Curie alifariki mwaka 1934, na mwaka 1937 binti yake mdogo, Eve, alitoa wasifu wa mama yake. Eve hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mpiga piano na mwandishi wa magazeti. Dada yake, Irène, ndiye aliyefuata kazi ya maabara, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Lakini ni Eve aliyewafanya watu wasiojua kemia waione kazi ya kemia: banda bovu mjini Paris, lililovuja mvua, makapi ya madini yaliyoletwa kwa tani, mwanamke aliyeyachemsha na kuyakoroga siku nzima kwa fito la chuma, na mwisho wa taabu ya miaka, mnamo mwaka 1902, sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Msomaji akifunga kitabu hicho huenda asikumbuke jedwali la elementi, lakini hakosi kulikumbuka fito. Mwandishi hakuhitaji kuwa mkemia. Alihitaji kuuliza mama alikuwa akifanya nini na mikono yake, na kutoridhika hadi ajue.

Afrika Mashariki haina haja ya kuazima shujaa. Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940 na kufariki mwaka 2011, yuko katika vitabu vya shule, katika mashairi na katika hotuba. Msichana wa Kiswahili amjua kuwa mama wa miti, mwanzilishi mwaka 1977 wa harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Yote hayo ni kweli. Lakini kabla ya miti alikuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe, aliyesoma Marekani, akafanya utafiti Ujerumani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Chombo chake kilikuwa hadubini, na somo lake maumbile ya ndani ya wanyama wa mifugo.

Iko habari aliyoisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, ambayo yafaa kuwa hazina kwa mtunzi yeyote. Alipokuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na kupe, alitoka mjini kwenda mashambani kukusanya kupe hao. Huko aliona mambo ambayo hakuyaendea: ng'ombe wamekonda, majani ni haba, na mvua inaponyesha mito yageuka rangi ya udongo, maana udongo wenyewe ndio unaochukuliwa. Akafikiri kwamba hatari iliyo kubwa kwa mifugo ilikuwa uharibifu wa ardhi kuliko kupe. Basi wazo la miti lilikuwa na mizizi katika jicho la mtafiti, aliyefunzwa kutazama kitu kimoja kwa makini hata akaona kingine nyuma yake. Masimulizi yaliyozoeleka yamemwacha mwanaharakati na kumsahau mwenye kupe. Yamembakizia moyo wake na kumwondolea hadubini yake. Msichana aambiwapo awe kama Wangari Maathai, huelewa kwamba anatakiwa awe jasiri na aipende nchi. Haelewi kwamba anatakiwa pia ainame chini ya sikio la ng'ombe na kuhesabu.

Pingamizi la pili lahusu msamiati. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuielezea maabara, na kwa hiyo riwaya ya namna hiyo ingejaa maneno ya kigeni yasiyosomeka. Hoja hiyo huenda ilikuwa na uzito zamani, sasa haina. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na istilahi zimeendelea kuongezeka baada yake. Hadubini, seli, kani, asidi na usanisinuru ni maneno yaliyo tayari. Shida yake ni nyingine: ni maneno yaliyozaliwa na kukabidhiwa kamusi, yasipate kuishi katika sentensi za watu. Katika Tanzania mwanafunzi wa shule nyingi za msingi huyasoma baadhi yake kwa Kiswahili, kisha afikapo sekondari huyaacha na kuanza upya kwa Kiingereza. Neno lisilopata kutamkwa na mama akimweleza mtoto, wala na mpenzi akimlalamikia mwenziwe kwamba kazi haikwenda vizuri, hubaki kuwa neno la mtihani. Kamusi haiwezi kulipa neno uhai huo. Riwaya na tamthilia zaweza. Basi mwandishi atakayemweka mwanamke maabarani ataifanyia lugha kazi ambayo kamati za istilahi haziwezi kuifanya.

Na lugha yenyewe imempa mwandishi huyo nafasi ambayo wenzake wa lugha nyingine hawana. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Mhandisi, mtafiti, rubani na mwanasayansi wote huingia katika ngeli moja na mtu, na kiambishi a- hakisemi kama atendaye ni mke au mume. Hata neno mwanasayansi limejengwa kwa mwana, ambaye aweza kuwa wa kike au wa kiume. Pale ambapo matumizi yalimtia mwanamume ndani ya jina la kazi, kama katika bwana shamba, watu walilijibu kwa bibi shamba bila kungoja idhini ya mtu. Lakini mlango ulio wazi haumwingizi mtu ndani. Mwandishi akiandika kwamba mtafiti aliinua chupa akaitazama, sarufi imenyamaza, na msomaji ataijaza nafasi hiyo kwa picha aliyoizoea. Kunyamaza kwa sarufi si sawa na usawa. Yatosha mtafiti huyo apewe jina mara moja, Mwanaidi au Nyambura, kisha sarufi iachwe iendelee na kazi yake. Kuanzia hapo kila a- katika ukurasa itamfuata yeye, na hapana sentensi itakayolazimika kumkumbusha msomaji kwamba huyo ni mwanamke. Nyongeza ya neno mwanamke kila mara baada ya neno mhandisi, ingawa hufanywa kwa nia njema, humtangaza mwenye kazi kuwa mgeni katika kazi yake.

Yabaki hatari moja, nayo si ndogo. Mwito wa kumwonyesha mwanamke mwanasayansi waweza kuzaa riwaya za mahubiri, ambamo shujaa hakosei hesabu, hapati alama mbaya, na katika sura ya mwisho hupewa nishani na waziri. Kitabu cha namna hiyo kingekuwa hotuba nyingine iliyovaa jalada. Kosa lake lingekuwa lile lile la riwaya za maonyo, limegeuzwa upande tu: kwanza msichana alikuwa mfano wa kuogopwa, sasa angekuwa mfano wa kuigwa, na katika hali zote mbili asingekuwa mtu. Kazi ya maarifa kwa sehemu kubwa ni kushindwa kwa utaratibu. Jaribio huharibika, kipimo hukataa, miezi sita hupita, ndipo mtu akagundua kwamba swali liliulizwa vibaya. Mwanamke atakayeandikwa akikosea, akikasirika, akirudia, na akafurahi peke yake usiku kwa kuwa tarakimu mbili zimelingana, atamvuta msomaji wa miaka 14 kuliko mia waliotunukiwa. Tena mwanamke huyo aweza kuwa na baba mkali kama Zakaria, au kuta kama za Maimuna. Mambo hayo hayakwisha, na fasihi isiyaache. Lakini vizuizi vitapata uzito wake kamili siku ambapo msomaji ataona vinazuia nini.

Kwa sababu hiyo lawama haimwangukii mtungaji mmoja. Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Mazrui na Muhando kila mmoja alifanya kazi ambayo wakati wake uliidai, na bila kazi hiyo swali la sasa lisingeweza hata kuulizwa. Uhakiki nao una sehemu yake ya deni. Wahakiki wamezoea kumpima mhusika wa kike kwa maswali mawili: je, amedhulumiwa, na je, amejitetea? Yafaa kuongeza swali la tatu, lililo rahisi na gumu pia: je, huyu anajua nini, na kitabu kimemwonyesha akilijua? Swali hilo likiulizwa darasani, mwanafunzi ataanza kukiona chungu cha Siti, kamba za Patata, kupe wa Wangari Maathai na mlango wa mkunga kwa namna nyingine.

Ataiona pia karatasi ya Mwana Hashima. Binti huyo aliishi miaka mingi baada ya mama yake, na jina lake halitajwi ila kama mpokeaji wa wosia. Lakini utendi wenyewe wamshuhudia kwa jambo jingine, lililotangulia wosia: alipoitwa, aliitwa pamoja na wino wake. Mama hakueleza binti alijifunza wapi kuandika, wala hakumsifu kwa kuweza, kwa sababu machoni pake hilo halikuwa jambo la kueleza. Fasihi ya Kiswahili itakuwa imelilipa deni lake kwa binti asomaye siku ambapo mtungaji ataweza kumwita mhusika wake aje na hadubini kwa sauti ile ile ya kawaida, na msomaji asishtuke.